Perege Analala Wapi?

Nawasalimu mlioko Kibosho na Machame, ambako najua saa hizi baridi imeshaanza kushuka. Nawasalimu mlioko Himo, Rombo na hapa mjini Moshi. Na salamu za pekee ziwafikie wavuvi na wachuuzi wa Lang'ata na Kagongo, kule Bwawa la Nyumba ya Mungu, maana mazungumzo ya leo ni yenu. Kama redio iko mbali, isogeze. Kama chai iko jikoni, mimina kwanza, nakusubiri.

Haya. Nianze na swali dogo. Yule perege uliyemnunua juzi sokoni, kabla hajaingia wavuni alikuwa anaishi wapi? Najua utaniambia Nyumba ya Mungu. Sawa, lakini Nyumba ya Mungu ni pana. Nauliza ndani ya bwawa lenyewe. Mchana alikuwa kwenye kina au alikuwa ukingoni kwenye matete? Usiku alilala wapi? Mwezi wa sita, maji yanapopoa, alibaki palepale au alihama? Na mama yake alipokuwa amebeba mayai, alijificha upande gani?

Mvuvi atakujibu, na sehemu kubwa ya majibu yake yatakuwa sahihi, kwa sababu anaishi na maji. Ila mvuvi anapajua pale alipotega. Pale asipotega hana habari napo. Afisa uvuvi naye anajua kilichofika mwaloni. Mtaalamu anajua alichokipata siku alizokuja na boti yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemfuata perege mmoja, huyo huyo, asubuhi mpaka jioni na mwezi hadi mwezi.

Leo nataka tuzungumze juu ya namna ya kumfuata. Kuna vifaa ambavyo samaki anavishwa, naye anaondoka navyo, na kule aendako vinatuletea habari zake. Utaniuliza, wewe ndugu, habari hizo za wazungu zinatuhusu nini sisi tunaotafuta kitoweo? Zinatuhusu, tena sana. Na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua umetoka hapa hapa Tanzania.

Twende Mafia.

Baharini Mafia kuna potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Wengine wanamwita papa shilingi kwa yale madoa meupe yaliyomjaa mgongoni. Anafika mita 10 na kuzidi, lakini hana habari na mtu. Chakula chake ni uduvi na viumbe vidogo vidogo. Anapanua kinywa, anachuja maji, anaendelea na safari. Pale Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, potwe huonekana kuanzia Oktoba hadi Februari. Wageni wanakuja kuogelea naye, boti zinakodiwa, vijana wanapata riziki. Ikiingia Machi mambo yanapoa. Ukitoka na boti mwezi wa sita ukazunguka kutwa nzima, utarudi bila kumwona hata mmoja.

Sasa, samaki mkubwa kiasi hicho asipoonekana, wewe utasema nini? Utasema ameondoka. Ndivyo walivyosema watu wote, na hawakuwa wajinga. Inajulikana kwamba potwe anaweza kusafiri maelfu ya kilomita. Tena habari ilikuwa hiyo hiyo sehemu nyingi duniani ambako potwe hukusanyika: msimu ukiisha, wameondoka, wamekwenda wasikojulikana.

Watafiti kadhaa, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdullah cha Saudi Arabia, wakaamua kuhakikisha. Wakawavisha potwe wa Kilindoni vifaa vinavyotoa mlio, wakaweka vinasa sauti majini. Kwa miaka 2 wakafanya kazi mbili sambamba: kuhesabu kwa macho juu ya maji, na kusikiliza chini ya maji. Matokeo wakayachapisha mwaka 2015.

Macho yalisema vile vile: potwe wapo Oktoba hadi Februari, miezi mingine hakuna kitu. Vinasa sauti vikasema: wapo. Wapo mwaka mzima! Na si wengine waliokuja kuchukua nafasi. Ni wale wale, kila mmoja na namba yake. Walichofanya ni kusogea mbali na ufuko na kuogelea chini zaidi, yaelekea wakikifuata chakula, na huko juu mtu wa boti hawezi kuwaona.

Nairudia, kwa sababu hili ndilo shina la mazungumzo ya leo. Samaki hawakuondoka. Walitoka kwenye macho yetu tu. Kutoonekana si kuondoka.

Na tofauti hiyo ina uzito. Kama potwe ni mgeni wa miezi mitano, utamlinda miezi mitano, halafu unafunga daftari. Kama ni mkazi, basi wavu unaotegwa mwezi wa saba unaweza kumnasa wakati hakuna mtalii wala mtu yeyote wa kuona. Isitoshe, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ipo tangu mwaka 1995, lakini maji hayo ya Kilindoni anakopenda kukaa potwe yako nje ya mipaka yake. Haya yote usingeyajadili kwa maana kama bado unaamini kwamba samaki ameshakwenda zake.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Wafugaji mnaonisikiliza mnakumbuka hereni za kielektroniki, zile mlizoambiwa muwavishe ng'ombe, kila ng'ombe na namba yake. Basi chukua wazo hilo uliingize majini. Nami leo nitaiita hereni, ingawa samaki hana sikio la kutogwa.

Hereni ya samaki ni kidonge kirefu kigumu, na ndani yake kuna betri na kitoa sauti. Ndogo zake zina unene wa milimita 9 au chini ya hapo. Kila baada ya dakika moja au zaidi kidogo inatoa mlio mfupi, na mlio huo umebeba namba. Kwa nini mlio? Kwa nini tusitumie kile kinachotuonyesha njia kwenye simu zetu, cha setilaiti? Kwa sababu maji yanayameza mawimbi ya setilaiti. Zamisha simu yako kidogo tu, nayo haijui tena iko wapi. Sauti ndiyo inayopenda maji. Hewani sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Majini inakwenda 1,500. Kwa hiyo mwenye kutaka habari za chini ya maji atumie sauti.

Mlio wa hereni nyingi hupigwa kwa mitetemo 69,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu lenye afya linakomea kwenye 20,000. Wewe huwezi kuusikia, na samaki aliyevaa naye hausikii. Kinachousikia ni kinasa sauti, bomba linalofungwa kwenye kamba yenye uzito chini na boya juu, likaachwa majini miezi kadhaa. Samaki akipita ndani ya mita mia chache, kinasa kinaandika namba yake, tarehe na saa. Basi. Ukija kukitoa na kukiunganisha na kompyuta unakuta mistari: samaki fulani, siku fulani, saa nane na dakika arobaini usiku, alikuwa hapa. Mstari mmoja haukwambii kitu. Weka vinasa 20 kuzunguka bwawa, uviache mwaka mmoja, hapo utaona njia za samaki zinajichora.

Hereni nyingine zimeongezewa vihisi. Kuna kinachopima mgandamizo wa maji, ndicho kinachokwambia samaki yuko kina gani. Kuna cha joto. Kuna kinachohisi mwendo, kama anakimbia au ametulia. Na kwa samaki wakubwa wa baharini kuna aina isiyohitaji kinasa: inajaza kumbukumbu zake yenyewe, siku iliyopangwa ikifika inajikata kwenye samaki, inaelea juu, na hapo ndipo inaongea na setilaiti. Mwaka 2018 wahandisi wa chuo kile kile cha Saudi Arabia walitangaza kitu kipya zaidi, utando laini wenye vihisi vya kina, joto na chumvi, unaobandikwa juu ya kiumbe bila kumchoma. Waliujaribu kwa kumbandika kaa. Ni mwepesi, unapindika, haumsumbui. Huko ndiko mambo yanakoelekea.

Kwenye maji baridi yasiyo na kina kirefu hata mawimbi ya redio yanafaa. Jirani zetu Uganda walishalifanya hilo: katika Ziwa Nabugabo, ziwa dogo lililo kando ya Ziwa Victoria, watafiti waliwafuata sangara kwa redio, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2013. Baharini huwezi. Chumvi inayazima kabisa mawimbi hayo.

Na nisiwasahau silikanti, maana maji yetu yanaishia jirani na kwao. Maji yanayoshuka Kilimanjaro yanaingia Mto Pangani, na Pangani unamwaga baharini mkoani Tanga, ambako tangu mwaka 2009 kuna hifadhi ya bahari iliyowekwa kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale ambao wavuvi wa huko wamekuwa wakiwanasa kwenye majarife ya kina kirefu. Mjerumani Hans Fricke ndiye aliyewafuata silikanti wa Komoro, akishuka chini na chombo chake cha kuzamia na kuwavisha vifaa vya mlio. Akakuta mchana wanapumzika ndani ya mapango, usiku wanatoka kuwinda. Unaona? Swali lilikuwa hili hili letu: samaki analala wapi?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu najua kuna mama anajiuliza: hicho kidonge kinaingiaje ndani ya samaki bila kumuua?

Potwe hana shida. Ngozi yake ni nene, mzamiaji anaogelea kando yake na mkuki mfupi, anachomeka kishikizo karibu na pezi la mgongo. Samaki wa nusu kilo ni kazi nyingine. Huyo anafanyiwa upasuaji, na dawa ya kumlaza usingizi, sikiliza vizuri, ni karafuu. Mafuta ya karafuu! Hizi hizi za Unguja na Pemba. Yanachanganywa kwanza na spiriti kidogo, kwa sababu mafuta na maji hayapatani, kisha matone machache yanatiwa kwenye beseni. Samaki anaingizwa. Baada ya muda mfupi mapezi yanalegea, anayumba, anageuka tumbo juu. Anawekwa chali kwenye sifongo iliyoloa, na mpira mwembamba unapitisha maji mdomoni mwake yatokee kwenye matamvua, apate kupumua muda wote huo. Mpasuaji anaondoa magamba machache tumboni, anachana sehemu ndogo, sentimita moja hivi, anasukuma kidonge ndani, anashona nyuzi mbili tatu. Dakika chache, kazi imekwisha. Samaki anarudishwa kwenye maji safi mpaka aweze kujishika wima mwenyewe. Asipojishika wima, haachiliwi.

Na kuna kipimo ambacho watafiti wengi hukifuata: kifaa kisizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Perege wa nusu kilo, kwa hiyo, asibebeshwe zaidi ya gramu 10. Wa gramu 150 asibebeshwe zaidi ya 3. Mdogo kuliko hapo mwache aende zake, kwa sababu utakuwa unapima taabu uliyomtia mwenyewe.

Kwa perege kuna jambo jingine, na wavuvi mnalijua kuliko mimi. Dume anachimba kishimo chake chini, mahali pa maji mafupi, anakisafisha na kukilinda. Jike anakuja, anataga, halafu anayaokota mayai na kuyaweka mdomoni. Humo mdomoni ndimo yanamoanguliwa, na watoto wanakaa humo mpaka waweze kujitegemea. Jike huyu ukimshika, akishtuka, anatema kila kitu. Wavuvi mmeliona hilo mara nyingi mkimtoa wavuni. Kwa hiyo mtaalamu anayetaka kuvisha hereni lazima ajue ni wakati gani majike hawajabeba, na atakayemwambia ni mvuvi. Haiko kwenye kitabu chochote atakachokuja nacho.

Haya, tumefika nyumbani. Nyumba ya Mungu.

Karanga, Weruweru, Kikafu, mito hii tunayoivuka kila siku na daladala, yote inaishia Kikuletwa. Upande wa pili Ruvu inatoka Ziwa Jipe. Zinapokutana ndipo bwawa lilipojengwa, katikati ya miaka ya 1960, kwa ajili ya umeme na maji. Samaki walikuja wakawa neema ambayo haikuwa kichwa cha habari cha mradi. Wazee wa huko wanakumbuka. Mwaka 1970 walivuliwa samaki zaidi ya tani 20,000. Watu walihamia kutoka mbali, vijiji vikaota ukingoni. Miaka michache baadaye mavuno yakaporomoka, na mwaka 1974 wakaja watafiti kutoka Uingereza, wakalichunguza bwawa zima, maji, majani, ndege na samaki.

Tangu enzi hizo maneno ni yale yale. Samaki wamekwisha. Kokoro limemaliza. Macho ya nyavu ni madogo mno. Maji yamepungua. Wakulima wa juu wamechukua maji. Kila mmoja ana wa kumnyooshea kidole. Na mambo yakizidi, dawa ni moja: kufunga bwawa. Wavuvi wanaambiwa watoe mitumbwi, wasubiri.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kusema langu. Mimi sipingi kufunga. Samaki anahitaji nafasi ya kuzaa, hilo halina mjadala. Lakini tunafunga bwawa zima kwa sababu hatujui tufunge wapi. Narudia: tunafunga bwawa zima kwa sababu hatujui tufunge wapi! Hatujui ni ghuba zipi majike wanakwenda kutema watoto. Hatujui kama ni zile zile kila mwaka au zinahama maji yanapopanda na kushuka. Hatujui kama perege wa upande wa Simanjiro ndiye huyo huyo anayevuliwa upande wa Mwanga. Basi tunapiga kufuli mlango wa mbele na wa nyuma, baba mwenye watoto wanne anakaa bila kitu, na usiku anaingia majini kwa kuiba na kokoro lile lile lililokatazwa. Nani amefaidika hapo?

Hereni 40 au 50 kwenye perege wakubwa, vinasa kadhaa kuzunguka bwawa, mwaka mmoja na nusu. Hapo tutakuwa na ramani. Pengine ramani itasema ghuba tatu zikifungwa miezi mitatu zinatosha, kwingine watu wavue. Pengine itasema hapana, perege wanatangatanga kila mahali, kufunga bwawa lote ndiyo njia. Sawa! Nikiambiwa hivyo kwa ushahidi nitakuwa wa kwanza kuwaambia wavuvi hapa hapa hewani. Ninachokataa ni kuwanyima watu chakula kwa kukisia.

Tena hapa Moshi hatuanzii sifuri. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapa mjini, na kina cha bwawa ni sehemu ya kazi zake. Ukiweka kumbukumbu za kina cha maji kando ya kumbukumbu za mahali samaki walipo, utaanza kuona bwawa likishuka perege wanafanya nini. Mweka, hapo juu yetu, kuna chuo cha wanyamapori tangu mwaka 1963. Tembo wetu wanavishwa kola za setilaiti, na hakuna anayeshangaa. Ila ng'ombe wa maskini wa majini, samaki, hakuna anayemuulizia anakwenda wapi. Labda kwa sababu mtalii hapigi picha perege.

Kuna na suala la sato. Katika bonde letu kuna perege wa asili, wale wenye majina ya kisayansi ya pangani na jipe, ambao nyumbani kwao duniani ni bonde hili la Pangani. Mwanasayansi wetu Asilatu Shechonge na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti ulioonyesha jinsi perege na sato wa kuletwa walivyosambaa kwenye mabonde mengi ya Tanzania, matokeo ya miaka mingi ya kupandikiza samaki kwa makusudi. Nasi huku kwenye miteremko mabwawa ya kufugia yanaongezeka, kila mtu anataka vifaranga vya sato. Mvua kubwa ikija, bwawa likafurika, sato anashuka na mfereji. Anaishia wapi? Anakutana na nani? Hereni chache zingejibu.

Sasa usidhani nauza dawa ya kila ugonjwa. Hereni ina mapungufu yake. Ya kwanza ni bei: moja ni mamia ya dola, na kinasa kimoja kinapita dola 1,000. Ya pili ni matete. Sauti ikiingia kwenye matete mazito inakufa, na perege anayapenda matete. Kwa hiyo kinasa kikikaa kimya wiki nzima usikimbilie kusema samaki ameliwa. Na mara nyingine mlio unawasaidia wasiotakiwa. Uskoti watafiti walionyesha, mwaka 2015, kwamba sili, wale wanyama wa bahari za baridi, wana masikio ya kuusikia mlio huo, wakajifunza kuutumia kumpata samaki aliyevishwa. Huku kwetu hatuna sili. Tuna watu.

Ndiyo, watu. Fikiria ramani yangu ile ya ghuba tatu wanakokusanyika majike wenye watoto mdomoni. Ikianguka mikononi mwa mwenye kokoro, unajua kitakachotokea usiku huo huo. Haya si mawazo yangu tu. Marekani, jimbo la Minnesota, wavuvi wa burudani waliwahi kudai wapewe taarifa za samaki waliovishwa vifaa kwa hoja kwamba utafiti umelipiwa na kodi zao. Australia Magharibi, papa waliovishwa kwa ajili ya utafiti wakajikuta vifaa hivyo vinatumika kuwatafuta wauawe. Kwa hiyo kabla hereni ya kwanza haijaingia Nyumba ya Mungu kuna swali la kujibiwa: ramani itakaa kwa nani? Mimi naona ikae kwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na wakae meza moja waamue kipi kitangazwe na kipi kisitangazwe. Kuipeleka chuo cha ng'ambo ikakaa kwenye kompyuta ya mtu, sisi tukaja kuisoma baada ya miaka mitano kwa lugha isiyo yetu, hapana.

Na mvuvi asiwekwe pembeni, kwa sababu bila yeye mambo hayaendi. Kati ya mwaka 2005 na 2007 kulikuwa na kazi kubwa katika Bahari ya Hindi ya kuwavisha jodari na jamii zake alama. Walivishwa zaidi ya 160,000, na wengi wao walivishwa na kuachiliwa kwenye maji ya Tanzania. Alama zenyewe? Nyingi ni uzi wa plastiki wenye namba. Hakuna betri, hakuna mlio. Uzi ule haukuwa na faida yoyote mpaka mtu amvue jodari, auone, aurudishe na kusema alimvua wapi na lini. Waliorudisha walipewa zawadi, na zilirudi kwa maelfu. Kwa namba hizo ikajulikana jodari wanakua kwa kasi gani na wanasafiri vipi kutoka maji yetu hadi kwa wengine.

Kwa hiyo kwa wale mtakaoniambia dola hatuna: tuanze na uzi. Uzi wa plastiki mgongoni mwa perege, namba, na daftari kwenye kila mwalo. Mchuuzi akiukuta wakati anaparua, aulete na apewe chake. Hiyo BMU inaweza kuifanya ikisaidiwa kidogo tu.

Muda wangu unaniishia, fundi mitambo ameshaninyooshea kidole. Wiki ijayo, majaliwa, tutakuwa na bwana shamba tuzungumzie ugonjwa wa migomba. Lakini kabla sijaondoka nina ombi kwa mlioko mialoni, Lang'ata, Kagongo na kote ukingoni. Nitumieni ujumbe mfupi kwa namba ile ile ya kipindi. Niambieni ni mwezi gani mnawapata perege wenye watoto mdomoni kwa wingi, na ni upande gani wa bwawa. Ujumbe wote nitaupeleka kwa wataalamu. Miezi nitaisoma hapa hewani, na majina yenu kwa watakaopenda. Majina ya ghuba sitayasoma.